Kikohozi Msimu wa Mabungo

Septemba 27

Mabungo yameanza kuiva. Harufu yake imeshuka bondeni mpaka hapa kituoni Kasyeba, na mpishi anasema mwaka huu yamezaa kupita kawaida. Kwangu ni habari njema. Miezi ya njaa sokwe hutawanyika wawili watatu, unatembea siku nzima unaambulia kinyesi. Mabungo yakiiva wanakuja wote hamsini na wawili mahali pamoja, na hapo mambo yao yanatoka hadharani: nani anamsalimia nani, nani anamchambua nani manyoya, nani anampa nani kisogo. Huo ndio utafiti wangu, mwaka wa tatu sasa. Mama kule Kasulu huwaambia majirani kwamba binti yake, Daktari Skolastika, anasomea umbea wa nyani. Nimechoka kumwambia siyo nyani.

Nilikuwa msituni na Idrisa Kabezya. Idrisa ni Mtongwe wa Lufungu, kijiji cha pili kutoka hapa kwa boti, na ndiye anayenitangulia njiani tangu nilipofika. Akiona jani limekunjwa anajua nani kapita. Leo alisimama chini ya mti akatazama juu mpaka nikaanza kuudhika.

"Ntale kalala juu sana," akasema. Ntale ndiye dume mkuu.

"Na kama kalala juu?"

"Mwenye nyumba hahamii darini bila sababu, dada Sikola. Anawaogopa watu wa chini."

Nikaandika. Halafu nikanuna kidogo, maana mwenye shahada ni mimi na aliyeona ni yeye.

Septemba 30

Kipara na Msafiri wamechambuana manyoya saa nzima nyuma ya kichuguu, Ntale asiwaone. Madume hawa wawili hawakuwa na urafiki wowote. Mwili umenisisimka.

Oktoba 2

Mama mkwe wa Idrisa amefariki. Idrisa ameondoka na boti ya asubuhi kwenda kuzika. Nimempa pole, huku moyoni nahesabu siku, Mungu anisamehe. Akirudi lazima akae karantini siku saba, kama kila anayetoka nje. Mafua yetu haya, ya kunywa chai ya tangawizi ukalala, sokwe yanawaua. Ndiyo maana tunavaa barakoa, tunakaa mita kumi, na hatuachi kitu chetu msituni, hata mate. Na kila asubuhi kabla ya kupanda, kila mmoja anaandika jina lake kwenye daftari la afya na mbele yake neno moja: mzima. Hakuna anayempima mwenzake. Tunaaminiana.

Oktoba 5

Idrisa karudi. Yuko kibanda cha karantini, ng'ambo ya kijito. Nimempelekea ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, nikaweka juu ya jiwe nikarudi nyuma.

"Muha ananiwekea chakula kama anatega panya," akaniita kutoka dirishani.

"Kula, kaka. Msiba umekwendaje?"

"Watu walikuwa wengi. Watoto wa Lufungu wote wanakohoa, ila mimi nilikaa nje na wanaume. Sijambo."

"Una hakika?"

"Nikiumwa nitasema. Mimi sina kitabu cha kuandika."

Oktoba 6

Boti ya abiria imepita kuleta unga na mafuta ya taa. Mama kanipa dumu la mawese kwa mkono wa dada mmoja wa Kasulu. Nilipanda kulichukua nikakaa nusu saa, tukapiga soga za nyumbani. Alikuwa na mtoto, nikampakata, kamasi mpaka kidevuni. Kanuni inasema aliyekaa na watu wa nje naye ajitenge. Lakini boti ilikuwa hapahapa gatini kwetu, na nusu saa si kitu.

Oktoba 8

Nimekwenda peke yangu, nikawapoteza saa nne asubuhi. Ila kabla ya hapo nimeona jambo kubwa. Ntale alipita, na Kipara hakumsalimia. Hakuinama, hakuguna, alibaki kakaa anakwangua bungo. Miaka sita kila dume humwinamia Ntale.

Jioni nimekwenda kwa Bwana Mshana, mkuu wa kituo. Ni Mpare wa Same, mtu wa karatasi.

"Mkuu, naomba Idrisa kesho."

"Ana siku ya tatu tu leo."

"Watapigana. Nikiwakosa kesho, nimekosa kazi ya miaka mitatu. Idrisa mwenyewe anasema ni mzima."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kukitokea lolote?"

"Halitatokea."

Akakubali kwa mdomo. Hakuandika popote, nami sikumwomba aandike.

Koo linaniwasha kidogo. Ni moshi wa jikoni.

Oktoba 9

Wamepigana, nimeona kwa macho yangu.

Saa tatu na nusu, Ntale alikuwa chini anakula. Kipara akaja kutoka kushoto, manyoya yamesimama, Msafiri kutoka kulia. Hakuna aliyesalimia. Idrisa akanishika mkono wa shati, "Usitikisike." Halafu msitu mzima ukapiga kelele. Walimwangusha, Msafiri akamng'ata mguu, Kipara akamrukia mgongoni mara nne. Ntale alilia. Dume aliyewatisha wenzake miaka sita alilia sauti ya mtoto, akakimbilia genge la juu damu zinamtoka.

Majike walipanda mitini na watoto wao. Jike mmoja tu, Mwezi, ndiye aliyekimbilia chini, upande wetu, na mwanawe Punje kifuani. Punje ana miezi saba, masikio makubwa kuliko kichwa. Wakakaa hatua tatu kutoka nilipokaa. Nyuma yetu ni korongo, hatukuwa na pa kurudi. Tulikaa hivyo kama dakika kumi mpaka vurugu ikatulia.

Kurasa kumi na nne nimejaza. Hakuna mtu aliyepata kuandika kitu kama hiki katika bonde hili. Asubuhi niliandika "mzima" kama siku zote.

Oktoba 10

Nimelala kutwa. Nimemwambia Mshana ni tumbo.

Oktoba 12

Nimerudi msituni, barakoa mbili. Kipara ndiye mkuu sasa, kila mtu anamgunia. Saa tano hivi tumekaa chini ya mibungo, sokwe kama thelathini juu yetu, maganda yanadondoka. Nikasikia mtu anakohoa.

Nikamgeukia Idrisa. Idrisa alikuwa ananitazama mimi. Wala si mimi niliyekohoa, wala si yeye. Kikohozi kikasikika tena, kikavu, kutoka juu mtini.

"Ni Mwezi," akasema.

Sokwe akikohoa hasikiki kama mnyama. Anakohoa kama mtu chumba cha pili.

Oktoba 13

Mvua ya kwanza, kubwa, tangu asubuhi. Hatukupanda. Nimekaa barazani nikisikiliza kule juu, kana kwamba kwa umbali huu nitasikia. Mpishi kanipitia mara tatu kuniuliza kama naumwa. Nimemkaripia, maskini, na hana kosa.

Oktoba 14

Tisa wanakohoa. Msafiri, Kipara mwenyewe, majike watatu, watoto wanne. Mabungo yamewakusanya wote mti mmoja, wanapumuliana. Mwezi anaburuza miguu. Punje pua imeziba, ananyonya kidogo anaachia, anahema kwa mdomo.

Nitaandika ambayo sikuyaandika tarehe tisa, maana yananikaba.

Siku ile barakoa ililowa jasho, nikaishusha kidevuni. Pua ilinichuruzika tangu alfajiri. Nilijua ni mafua, sikuwa mjinga, nilijua tangu usiku wa kuamkia siku ile. Kitambaa nilikuwa nimekisahau mezani. Mwezi na mwanawe walipokuja kukaa mbele yangu, nilichuma jani, nikafuta pua, nikalidondosha. Hivyo ndivyo tulivyofanya wote shambani kwetu tangu utoto, mkono ulikwenda wenyewe. Halafu nikakohoa mara mbili, kiwikoni. Punje akashuka mapajani mwa mama yake, akajikokota mpaka kwenye lile jani, akaliokota, akalitia mdomoni. Mwezi akamvuta mguu akamrudisha. Idrisa alikuwa mbele yangu, macho kwa madume. Sidhani kama aliona.

Naogopa. Naogopa wakifa, naogopa ikijulikana. Sijui ni kipi naogopa zaidi, na hilo nalo linaniogopesha.

Oktoba 15

Mshana ameita kikao barazani, watu wote kumi na mmoja. Alikuwa ameongea na wakubwa kwa redio, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akaweka daftari la afya mezani.

"Nataka kujua nani ametoka nje ya kituo mwezi huu."

Macho yote yalikwenda kwa Idrisa.

"Idrisa, ulikwenda msibani Lufungu. Ulipaswa kukaa siku saba. Tarehe tisa ulikuwa msituni, siku ya nne."

Idrisa akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Mkuu, si wewe uliyenitoa?"

"Nilikutoa kwa karatasi gani?"

"Karatasi? Ulikuja mwenyewe mlangoni, ukaniambia kesho panda."

"Mimi nauliza karatasi."

Hapo nikamwelewa Mshana. Anaogopa kama mimi. Mtu mwenye hofu hutafuta mahali pa kuitua, na Idrisa alikuwa amesimama karibu.

Idrisa akanigeukia. "Dada Sikola, sema basi. Si wewe uliyeniombea?"

Nilikuwa na nafasi. Hata sasa naiona, nafasi pana kabisa, watu wote kimya wananingoja. Nikafungua mdomo nikasema, "Niliomba, ni kweli. Lakini wewe ndiye uliyeniambia u mzima."

"Nilikuwa mzima. Niko mzima."

"Basi mimi sijui, kaka."

Aliniangalia. Hakuonyesha hasira. Alikuwa ananisoma tu, vile anavyosoma jani lililokunjwa. Mshana akaandika, na unga wa Idrisa ukamwagika hapohapo, mbele ya kila mtu.

Oktoba 16

Boti ya saa mbili. Idrisa kashuka gatini na begi, na godoro lake kichwani limefungwa kamba. Miaka kumi na minane kafanya kazi kituo hiki. Nilisimama nyuma ya dirisha la stoo. Nilitaka ageuke anitanie, hata anitukane. Alipanda akakaa akatazama ziwa.

Oktoba 17

Kumi na saba wanakohoa. Bila Idrisa nimewapata saa sita mchana.

Oktoba 18

Daktari wa wanyama amefika kutoka Kigoma na sanduku lake. Kaokota kinyesi, kawatazama sokwe kwa darubini kutwa. Nilimuuliza kama mtu anayeuliza jambo lisilomhusu, "Vipimo vitaonyesha nani kaleta?"

"Vitaonyesha ni mafua ya binadamu," akasema. "Ya nani, hayaandikwi jina."

Niliona nafuu.

Oktoba 19

Nimemwona Ntale. Amelala chini kwenye majani, makamasi yamekauka puani, jeraha la mguu linanuka. Niliona Msafiri anakuja, na nikashika kalamu, maana huyu ndiye aliyemng'ata siku kumi tu zilizopita. Msafiri mwenyewe anakohoa. Akakaa karibu naye. Akaanza kumchambua manyoya ya shingo, taratibu, dakika ishirini na sita kwa saa yangu. Sikujua niandike nini. Safu ya "adui" na safu ya "rafiki" nilizichora mwenyewe miaka mitatu iliyopita, na leo sikupata pa kumweka. Nikaandika dakika tu.

Oktoba 20

Punje amekufa. Saa nne na robo asubuhi nilimwona Mwezi akimweka titi mdomoni, na mdomo haukushika. Akamweka tena. Akamweka tena. Nililia ndani ya barakoa mpaka ikalowa, na safari hii sikuishusha.

Oktoba 21

Mvua. Mwezi kambeba mgongoni. Mtoto anateleza, anamrudisha kwa mkono mmoja.

Oktoba 22

Kambeba. Inzi wamejaa. Anapunga inzi kwa tawi.

Oktoba 23

Kambeba.

Oktoba 24

Ntale yu hai, anakula. Jike mmoja mzee amekufa. Waliobaki kikohozi kinapungua, daktari wa wanyama anasema pengine la hatari limepita. Mwezi bado kambeba.

Mpishi ana dada yake Lufungu. Leo alikuwa anachambua maharage akaniambia bila kuniangalia, "Idrisa wanamwita Kikohozi huko."

"Nani wanamwita?"

"Watoto walianza, sasa hata wakubwa. Mkewe akienda kuteka maji wanamwambia, mpisheni mke wa Kikohozi asije akatuambukiza. Kijana wa Lufungu akitafuta kibarua hapa, wenzake wanamwambia asahau, Idrisa kawamwagia unga wote." Akatupa jiwe lililokuwa kwenye maharage. "Na yeye kanyamaza tu. Hata mimi nimeshangaa. Yule mtu hajawahi kunyamaza."

Nilisimama nikaondoka. Nimezunguka kibanda cha karantini mara mbili, sijui nilikuwa natafuta nini.

Oktoba 25

Nimemwambia Mshana. Nilimkuta anafunga ripoti kwenye bahasha. Nilisema yote kwa mfululizo, boti, mtoto, pua, jani, Punje, kwa sababu nilijua nikimeza mate tu nitaacha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie. Ripoti ya kwanza imeshakwenda. Imetaja jina la Idrisa. Nikituma nyingine, nitaulizwa kwa nini alitoka siku ya nne, na kwa nini wewe ulipanda boti, na kwa nini mkuu wa kituo hajui chochote. Tunaondoka wote wawili."

"Idrisa ameshaondoka, Mkuu."

"Idrisa nitamtafutia kitu, mwakani, mambo yakipoa. Naapa. Wewe una kurasa zako za vita vya Ntale, nenda kaandike kitabu chako. Hata daktari kasema haijulikani ya nani." Akashusha sauti. "Dada yangu, nina watoto wanne wanasoma. Usiniharibie."

Nilimwonea huruma, hilo ndilo baya. Na sehemu yangu moja, tena kubwa, ilikuwa inamshukuru, maana alikuwa ananipa mlango wa kutokea na kunifungia mwingine kwa nyuma. Nilitoka nikasema sawa.

Nimekaa na hiyo sawa tangu saa nane mchana. Haimezeki.

Oktoba 26

Redio ya upepo inafunguliwa saa moja kamili asubuhi. Vituo vyote vya ziwa vinasikiliza, na ofisi ya kijiji Lufungu, na duka la Lufungu wanapokaa watu kungoja bei ya dagaa. Mshana huingia saa moja na robo. Nilifika saa moja kasoro dakika tano.

"Vituo vyote, hapa Kasyeba, naomba nafasi."

"Kasyeba, endelea."

"Naitwa Skolastika Bukuru, mtafiti. Nina taarifa kuhusu ugonjwa wa sokwe. Idrisa Kabezya hakuwa mgonjwa. Mgonjwa nilikuwa mimi. Nilikaa na abiria kwenye boti tarehe sita, nikapata mafua, nikayaficha, nikaandika kwamba ni mzima. Idrisa hakutoroka karantini. Mimi nilimwombea atolewe na mkuu alikubali. Walimwondoa kazini na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Mwisho."

Nikaachia kitufe. Redio ikakwaruza. Nilikuwa nimelowa jasho kama niliyetoka ziwani. Kisha mwendesha redio wa Kigoma, kijana mwenye sauti ya usingizi, akasema, "Kasyeba, hujasikika vizuri, mvua huku. Rudia tafadhali."

Ikabidi nirudie. Mara ya kwanza nilikuwa nimejirusha tu, mara ya pili nilisikia kila neno. Nilipofika kwenye "nikanyamaza" sauti ilikatika, nikaanza sentensi upya.

"Kasyeba, umesomeka," akasema kijana. Usingizi ulikuwa umemwisha.

Nilipogeuka, Mshana alikuwa mlangoni, kifungo cha shati hakijafungwa. Alikuja akakaa kwenye kiti nilichoinukia, akashika kichwa.

Oktoba 27

Jibu limekuja kwa redio. Nisiingie msituni. Niondoke kwa boti ya tarehe ishirini na tisa, daftari zote za utafiti zibaki kituoni mpaka wakubwa waamue. Mshana atahojiwa. Hanisemeshi, na sina la kumlaumu. Mpishi kaniletea chai bila kuombwa.

Oktoba 28

Sijui kama Mwezi bado kambeba. Hakuna wa kumuuliza.

Oktoba 29

Naandika ndani ya boti, tumeshaipita Lufungu.

Nahodha alisema atashusha magunia nusu saa. Nilimwambia nashuka. Pwani palikuwa na watu wanaanua dagaa, wakaacha kazi wakanitazama. Nilitembea katikati yao roho mkononi. Mtoto mmoja akasema "ndiye huyo wa redio," mama yake akampiga kikofi mdomoni.

Idrisa alikuwa juu ya paa la jiko lake anapigilia bati. Aliniona tangu mbali, hakushuka.

"Karibu, Daktari," akasema. Miaka mitatu niliitwa dada, na Muha, na majina mengine ya utani yasiyoandikika. Leo Daktari.

"Kaka Idrisa, nimekuja kusema mbele yako."

"Redio tumeisikia. Mara mbili." Akatoa msumari mdomoni. "Mshana kaniita, nianze Jumatatu."

"Utakwenda?"

"Nitakwenda. Wale sokwe sijagombana nao."

Nilimwomba msamaha. Nilisema vibaya, maneno yalikuja kinyumenyume, nikalia mbele ya mlango wa watu. Alingoja nimalize. Akasema, "Tarehe tisa nilikusikia unakohoa. Nikajua utasema mwenyewe. Nilingoja mpaka kikaoni." Kisha akageukia bati lake.

Mkewe, Mwamvita, alikuwa amekaa kizingitini anamenya mihogo, kanga ya msiba bado kichwani. Ni mama yake yeye waliyemzika. Hakuinuka, ila alinisogezea kigoda kwa mguu, nikakaa.

"Nina swali moja," akasema. "Siku anashuka hapo pwani na godoro kichwani, watu wamejaa wanamwangalia, wewe huko ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Si kwamba ulikuja kukumbuka baadaye."

"Hapana, dada. Nilijua tangu mwanzo."

Akakata muhogo vipande viwili, akautia kwenye beseni la maji. "Walisema kikohozi kilitoka kwenye msiba wa mama yangu. Kila siku nilimuuliza huyu. Nilimuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa ukali, nikamshikisha msahafu. Mume wangu, kweli hukukohoa kule? Akasema sikukohoa. Sikumwamini. Nikahamisha mkeka, nikalala na watoto. Siku kumi."

Juu ya paa nyundo ilikuwa imesimama. Mwamvita alichukua muhogo mwingine akaendelea kumenya. Idrisa naye akagonga msumari, kisha mwingine. Boti ikapiga honi, nikainuka nikashuka pwani.